Dua ya Mheshimiwa

Mheshimiwa Abdiqani anajua kuomba dua. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili mtu asije akadhani nina chuki naye tu. Nimekaa kwenye mikutano ya wanasiasa tangu nikiwa kijana. Nimewasikia wanaopiga kelele mpaka mishipa ya shingo inawatoka, na wale wanaosoma hotuba walizoandikiwa Nairobi bila kuinua macho. Abdiqani hana haja na hayo. Anazungumza kidogo, kama mtu aliyechoka na safari, halafu anafungua viganja.

Huku kwetu mkutano hauishi bila dua, na dua ikishaanza hakuna anayeikatiza. Anayeomba anaomba, waliokaa wanafungua viganja na kuitikia Amiin, upesi upesi, baada ya kila ombi. Lililoitikiwa limepita. Hotuba unaweza kuibishia, hata kura unaweza kusema uliibiwa, lakini mzee aliyesema Amiin mbele ya watu hawezi kurudi nyumbani akadai hakukubali. Wanawe mwenyewe watamcheka. Wanasiasa wengi hawajaligundua hili, au wanaona haya kulitumia. Abdiqani haoni haya.

Jina langu ni Liban. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya El Nunow, shule ya msingi iliyobeba na sekondari msingi mgongoni, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Modogashe kama lori halijakwama mchangani. Nafundisha Kiswahili. Karibu kila neno nitakaloeleza hapa lilisemwa kwa Kisomali. Nimeliweka kwa Kiswahili kwa sababu ndilo somo langu, na kwa sababu kwa Kisomali linaniuma zaidi.

Mheshimiwa amekuwa na misimamo mitatu kuhusu elimu, na yote mitatu nimeipigia makofi. Wa kwanza ulikuwa ule wa miaka walimu wa kutoka bara walipokimbia kwa hofu ya mashambulizi. Alisimama Bungeni akasema warudishwe, hata kwa lazima, kwa kuwa hakuna mwalimu mwenye haki ya kuchagua watoto. Tulimwona kwenye televisheni ya hoteli ya Modogashe, tukampigia makofi na vikombe vya chai vikamwagika. Wa pili ulikuwa wa mabweni: shule ndogo za porini kama yangu zivunjwe, watoto wakusanywe mahali pamoja, walale huko, wasome. Jiwe la msingi liliwekwa. Ukuta mmoja ulipanda kufika kiunoni, na leo mbuzi wanalala kwenye kivuli chake. Wa tatu ndio huu wa sasa, kwamba mtoto wa mfugaji afundishwe na mtoto wa mfugaji.

Nisiwe mnafiki. Msimamo huu wa tatu si mbaya. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mfugaji na ninafundisha watoto wa wafugaji, na najua raha ya mtoto anapokosea swali na mwalimu akamweleza kwa lugha ya mama yake. Tatizo ni kwamba hao walimu wetu hatunao bado. Katika wadi nzima ya El Nunow, mwaka jana, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesoma sayansi mpaka mahali pa kuweza kuifundisha. Tulikuwa na mmoja tu, naye alitoka upande wa Machakos.

Jina lake nilikuwa naliandika mimi kwenye karatasi za ofisi tu. Wengine wote, kuanzia chekechea hadi wauza miraa, walimwita Madam Saynis, yaani Madam Sayansi kwa matamshi yetu, na mwishowe naye akaliandika hivyo hivyo kwenye kikombe chake. Alifundisha Sayansi na Hesabu, Gredi ya Saba mpaka ya Tisa, peke yake. Maabara hatuna. Alikuwa anakwenda kwa wachinjaji asubuhi anaazima mapafu ya mbuzi, anayaleta darasani kwenye karai, anachukua kalamu ya wino, anaitoa kijiti cha ndani, kisha anaichomeka kwenye bomba la koo na kupuliza. Mapafu yanajaa. Siku ya kwanza watoto walipiga mayowe wakakimbilia ukutani. Aliyebaki kwenye karai ni Hinda, mikono yote miwili ndani, akiuliza hewa inapitia wapi kufika kwenye damu.

Hinda alikuwa wa Gredi ya Saba wakati huo. Baba yake alikuwa na ngamia kumi na tisa kabla ya ule ukame mkubwa, akabaki na wawili, na mwaka uliofuata akafa naye, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Mama yake, Rukiyo, huuza maziwa ya ngamia pale njia panda ya Modogashe, kwa madereva wa malori. Siku moja Hinda alimuuliza Madam Saynis kwa nini ngamia anakufa ilhali nundu yake bado ina mafuta. Madam akafikiri, akasema hajui, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

"Basi mimi nitakuwa huyo," Hinda akasema, na toka hapo hakuwahi kutaja kazi nyingine.

Kwa hiyo tulikwenda kwa Kadar, mimi na Madam. Kadar ni adeer wake, ndugu wa marehemu baba yake, na tangu kifo kile yeye ndiye mwenye neno juu ya msichana. Si mtu mbaya. Ana ndevu alizozipaka hina na anapenda kuheshimiwa, kama sisi sote. Tulikaa mkekani kwake, tukanywa chai, nikamweleza kwamba Hinda akifanya vizuri mtihani wa Gredi ya Tisa ataitwa sekondari pevu, ile ya kuanzia Gredi ya Kumi, mbali, labda Nairobi, labda Embu, na kwamba atahitaji ruhusa yake. Kadar alimtazama Madam, akajitahidi kwa Kiswahili chake ili amheshimu mgeni.

"Madam, wewe iko mtu ya maana. Mtoto yetu nasoma kwa sababu ya wewe. Kama hii msichana nabita mtihani, wallahi, iende."

Rukiyo alikuwa nyuma ya pazia. Tulipotoka alinifuata mpaka kwenye ua wa miiba akanishika mkono wa shati, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi. "Maalim, umesikia alivyosema," aliniambia. "Wewe ni shahidi. Usije ukasahau." Nikamwahidi, na niliahidi kwa moyo wangu wote. Nataka hilo nalo lijulikane.

Mheshimiwa alikuja mwezi wa Mei mwaka jana, Hinda akiwa ameshafika Gredi ya Tisa. Hema jeupe, viti vya plastiki, vijana wake wanne na simu zao za kupiga picha. Watoto niliwapanga kushoto, wasichana wa Gredi ya Tisa mstari wa mbele, na walimu tulikaa kulia. Madam Saynis alikuwa kando yangu. Alijifunga mtandio wake vizuri siku hiyo, ule wa kijani, kwa kuwa wageni wanakuja. Mheshimiwa akazungumza dakika kumi tu, akasema watoto wetu wamechoka kuwa mayatima wa walimu, kila mwaka mwalimu anakuja, kila mwaka anaondoka. Kisha akafungua viganja, na watu wote wakafungua viganja. Madam naye akafungua vyake. Ni Mkristo, lakini alikuwa na adabu, na kila mara tulipoomba dua aliomba nasi, akiitikia Amiin kwa sauti ndogo, bila kuelewa neno la Kisomali zaidi ya maji na njoo.

"Ewe Mola, tuteremshie mvua," akaanza Mheshimiwa.

"Amiin."

"Wanyama wetu wape afya."

"Amiin."

"Watoto wetu wape walimu wa damu yao."

"Amiin."

"Na hawa waliokuja kwetu kwa ajili ya mshahara, mioyo yao ikiwa kwao, warudishe kwao salama, na nafasi zao wape vijana wetu. Uwafungulie njia mwaka huu huu."

Nilisema Amiin. Mdomo ulikuwa umeshakamata mwendo, ukaenda wenyewe, kama mguu unavyoshuka ngazi moja zaidi gizani. Hema zima lilisema Amiin. Na kando ya sikio langu nilimsikia Madam Saynis, kwa ile sauti yake ndogo, akiitikia dua ya kufukuzwa kwake.

Nikainua macho nikamwona Hinda. Mikono yake ilikuwa mapajani. Katika hema lote ni yeye peke yake ambaye hakuwa amefungua viganja; macho yalikuwa kwa Madam, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayetaka kutapika. Msichana asiyefungua viganja kwenye dua, adeer wake akiwa mistari mitatu nyuma yake, simu za vijana wa Mheshimiwa zikizunguka! Wangesema nini? Wangesema shule ya Liban inafundisha nini? Nikainua kidole changu cha shahada kutoka kwenye kiganja, kidogo tu, mara mbili: inua. Aliniona. Alinitazama kwa muda uliotosha ombi zima kupita, kisha akainua mikono yake polepole, na midomo ikacheza.

Watu walipotawanyika, Madam aliniuliza huku akicheka, "Mwalimu, leo ilikuwa ndefu! Nilikuwa naitikia nini?"

"Mvua," nikasema. "Tulikuwa tunaomba mvua."

"Mungu atusikie basi. Hilo tangi letu limebaki matope."

Video ya dua ile ilimfikia Madam magharibi ya siku hiyo hiyo. Vijana wa Mheshimiwa waliitia maandishi ya Kiswahili chini, ili na watu wa Nairobi waone kazi ya mkubwa wao, na mwalimu mwenzake aliyekuwa Wajir akamtumia na alama za kuuliza tupu. Asubuhi nilimkuta nje ya ofisi yangu, amekaa kwenye ngazi, simu mkononi. Alinionyesha. Nilijiona pale, mikono juu, mdomo wazi. Nilimwona yeye kando yangu na mtandio wake wa kijani.

"Ulisema mvua," alisema.

Nilianza kumweleza kwamba hivi ndivyo dua zilivyo, kwamba mtu haitikii neno moja moja, anaitikia zote, kwamba hakuna aliyemkusudia yeye. Nilikuwa naongea Kiswahili sanifu kabisa, naukumbuka mdomo wangu ulivyokuwa ukipanga vivumishi. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, mimi siogopi Mheshimiwa," alisema. "Wanasiasa hata kwetu wako. Ninyi ndio mnaolala karibu na mimi. Usiku mtu akija kunigongea mlango, nitapiga kelele nikiita nani? Ninyi mmeshasema Amiin."

Alijua, kama tunavyojua sote, yaliyowapata walimu wengine katika barabara zetu hizi miaka iliyopita. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Hakuna aliyemtishia, naapa. Lakini mwenye duka alipomuuzia sukari siku hiyo alimuuliza kwa upole, kama jambo la kawaida, "Madam, wewe nasafiri lini?" na swali hilo lilitosha. Siku ya Alhamisi alipanda lori la mbuzi linalokwenda Isiolo, mbele kwa dereva, na sanduku lake juu ya vyuma vya lori pamoja na vijana wa kushika mbuzi. Kikombe alikiacha. Daftari zake za masomo, nne, zilizofungwa kwa uzi, alimpa Hinda. Hinda hakulia. Alisimama pale barabarani mpaka vumbi la lori likatulia kwenye nguo zake.

Nilimfuata Mheshimiwa Garissa. Ofisi yake ina viyoyozi na zulia, na alinipokea vizuri mno, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akawaulizia watu wangu mmoja mmoja. Nilimwambia mwalimu ameondoka, mtihani ni mwisho wa Oktoba, watahiniwa kumi na wanne hawana mtu wa kuwafundisha Sayansi wala Hesabu. Nikamwomba kitu kimoja tu: arekodi maneno mafupi kwenye simu, aseme hakumkusudia yule mama, aseme El Nunow inamtaka arudi.

Alinisikiliza kwa makini, akaweka kikombe chini. "Liban, mimi nilimwomba Mungu. Sikumwandikia mtu barua. Mungu akijibu upesi, nimlaumu?"

"Mheshimiwa, watu walielewa ni msimamo wako."

"Ni msimamo wangu. Na wako. Nimekuona kwenye video, mstari wa mbele, mikono juu." Hakusema kwa ubaya, alisema kama anayenikumbusha jambo letu sote. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya binti yake mkubwa katika sare ya shule moja ghali ya Nairobi, na aliona macho yangu yalipokwenda. "Huku kwetu walimu wetu hawajapatikana bado, Liban," alisema akitabasamu. "Nifanyeje? Ndiyo maana napigana wapatikane."

Akanipa mwalimu. Aliandika barua pale pale: Awil, kijana wa kwetu, aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla. Nilimfundisha Awil Kiswahili. Ni kijana mwema, mcheshi, na alama yake ya Hesabu ilikuwa E. Alikaa siku nne. Siku ya nne alitoka darasani katikati ya kipindi, akaja ofisini akiwa anatoka jasho. "Maalim, wallahi wananiuliza vitu. Hii kitu siiwezi, nisikudanganye. Nipe hata geti nilinde." Nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyomheshimu mtu yeyote mwaka ule, nikijihesabu na mimi. Sasa anaendesha bodaboda.

Siku ya tano nilipita nje ya darasa la Tisa nikasikia sauti inafundisha. Nilidhani ni redio. Ni Hinda, amesimama ubaoni na daftari la Madam Saynis mkono wa kushoto, anaandika mlinganyo. Alikuwa ameshika chaki kama Madam, kwa ncha za vidole vitatu. Hakuna aliyemtuma. Wiki mbili baadaye alikuwa anafundisha Tisa asubuhi, Nane baada ya mapumziko na Saba mchana, na wachinjaji walikuwa wanamwekea mapafu ya mbuzi kwenye mfuko.

Ningeweza kumzuia. Nilijiambia kwamba mtu anayefundisha anajifunza mara mbili, na kwa Hinda labda ilikuwa kweli. Ukweli mwingine ni kwamba ilinifaa. Shule ilikuwa kimya, vipindi vinaendelea, mkaguzi wa ofisi ya elimu alipiga simu nikamwambia tunajikaza. Nilikuwa namwacha mtoto wa miaka kumi na sita abebe shule, huku nikimwambia kila jioni, "Vumilia, Januari utaondoka." Na yeye kila jioni alikuwa ananiuliza jambo moja, kama ni baridi huko Embu.

Mheshimiwa alirudi wiki ya mwisho ya Septemba, bila taarifa. Alikuwa anapita kwenda kwenye mazishi, akasema asimame asalimie. Alimkuta Hinda ubaoni, Gredi ya Nane wote arobaini wamekaa kimya, karai la mapafu mezani. Alisimama mlangoni muda mrefu. Nami nilikuwa nyuma yake, na nitasema hivi kwa haki: machozi yalimlengalenga. Sidhani alikuwa anaigiza. Alikuwa ameona kitu alichokuwa anakisema miaka yote bila kukiona.

"Huyu ni wa nani?" akauliza.

Ndani ya saa moja wazee walikuwa wamekusanyika kwenye kivuli cha tangi la maji lenye jina la Mheshimiwa. Kadar aliketishwa mbele, kulia kwa Mheshimiwa. Rukiyo hakuwepo, alikuwa Modogashe na maziwa yake. Hinda aliitwa akasimama kando, vidole vimejaa chaki.

Mheshimiwa alizungumza kidogo, kama kawaida yake. Alisema waliomcheka kwamba El Nunow haina walimu waje waone. Alisema msichana huyu ni jibu. Mtihani afanye, hakuna anayemzuia, lakini Januari asipelekwe mbali kupotea, abaki hapa afundishe ndugu zake, na yeye Abdiqani atahakikisha anaandikwa mwalimu msaidizi, wa kwanza wa kike katika wadi nzima. Alimgeukia Kadar akamshika bega. "Mzee, nyumba yako imetoa mwalimu." Ndevu za Kadar zilitetemeka kwa furaha. Tangu ngamia wa nyumba yao wafe, hakuna aliyekuwa amemshika bega mbele ya watu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, huyu ni mtoto," nilisema. "Ni mwanafunzi. Kadar, ulisema akipita aende. Mimi ni shahidi."

Kadar hakunitazama. Mheshimiwa alicheka, kicheko cha upole, cha kumsitiri mtu aliyejikwaa. "Maalim, kwani unafikiri anakwenda wapi pazuri kuliko hapa? Ninyi walimu mnapenda sana mitihani. Tuombe dua, jamani, nina maiti ananingoja."

Akafungua viganja.

Viganja vyote vikafunguka. Nilibaki nimesimama, kisha nikakaa, na mikono yangu nikaiweka mapajani, nikaikaza pale. Niliamua. Nilisema moyoni, mara hii, hapana; wanifukuze, waseme nimekufuru, hapana. "Ewe Mola, tuteremshie mvua," akaanza. Amiin. Nikafunga mdomo. "Wazee wetu wape umri." Amiin. Nilianza kuona vichwa vinageuka. Kijana mmoja wa Mheshimiwa aligeuza simu polepole kuelekea kwangu. Mzee aliyekuwa kushoto kwangu alinigusa kwa kiwiko.

"Huyu binti yetu umthibitishe hapa kwetu, umfanye nuru ya watoto wetu."

Nikamtafuta Hinda. Viganja vyake vilikuwa wazi, vyeupe kwa chaki, na midomo yake ilikuwa inasema Amiin. Alikuwa ananitazama. Aliona mikono yangu mapajani, akaona simu, akaona vichwa, na uso wake ukashikwa na hofu, hofu kwa ajili yangu. Kisha kutoka kwenye kiganja chake aliinua kidole cha shahada, kidogo tu, mara mbili.

Nikainua mikono. Nikasema Amiin, na niliisema kwa sauti.

Mtihani alifanya, na alikuwa wa kwanza. Barua ya kuitwa ilikuja, ya shule ya wasichana ya Embu, na ninayo kwenye droo. Rukiyo hajanisemesha tangu siku ile. Nikipita njia panda anageuza kibuyu cha maziwa upande mwingine na kuwahudumia madereva. Siku wenzake watatu walipoondoka na masanduku yao kwenda sekondari pevu, Hinda alifika shuleni kabla ya kengele. Nilimfungulia daftari la mahudhurio ya walimu. Akalitazama lile jina halisi la Madam kwenye mstari wa nne, ambalo sikuwa nimelifuta, akatia sahihi mbele yake bila kuniuliza. Kisha akachukua karai lake akaenda darasani, nikasikia watoto wa Gredi ya Saba wakivuta madawati na kusimama, wakimwamkia kwa pamoja: Madam Saynis.